Hatuondoki Mpaka Sahani Iishe

Sifa, mwanangu,

Sijui nianze na salamu gani kwa mtu ambaye namsikia akicheka uani. Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Hali yako naijua. Una kikwaruzo gotini, jino lako la mbele linacheza, na sasa hivi unabishana na Bibi juu ya nani atamlisha yule kuku mwenye kidole kilichokatika ukishaondoka. Kwa hiyo salamu naziruka.

Baba yako amekwenda Kibirizi kuulizia boti. Kesho mnaondoka, mnarudi kwa mama yako. Nimekaa kitandani kwetu, karatasi nimeiweka juu ya sinia nililolipindua. Tangu niketi hapa nimeinuka kutazama maharage ambayo hata hayajaanza kuchemka. Nimekunja upya nguo zako ambazo Bibi alishazikunja. Nimetoka mpaka mlangoni kuona kama baba yako anarudi, na nilipoona barabara ni tupu nikafurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Mambo ya kila siku sitakuandikia. Kuoga, kuchana nywele, kutotembea peku mwaloni penye mifupa ya samaki, hayo mama yako atakwambia, na atayasema vizuri kuliko mimi kwa sababu yeye ndiye aliyekuzaa. Mimi ni mama mdogo wa kupewa. Nakuandikia jambo moja tu, nalo ni chakula cha asubuhi. Najua utacheka. Utasema, "Mama mudogo na sahani zake!" Cheka, lakini soma. Ukikutana na neno gumu, mwulize mama yako, au liache ulirudie ukikua.

Leo mchana baba yako alisema, akiwa amesimama mlangoni na kofia yake mkononi, "Kesho tunatoka mapema sana. Mutoto asikule kitu. Akikula, halafu boti ianze kucheza na maji, atatapikia watu. Atakula tukifika."

Bibi alisema, "Haya." Mimi niliendelea kupepea mkaa uliokuwa umeshawaka tangu zamani. Ndani yangu neno lilipanda mpaka kooni, likakaa hapo, na bado liko hapo. Mtu mwingine angesema papo hapo. Mimi wananijua, hata kununua maandazi kwa Mama Asha nangoja watu wapungue, na wakipungua maandazi yamekwisha. Lakini hili lazima niliseme kabla ya kesho, na kabla sijamwambia yeye nataka nikwambie wewe, labda nikishaliandika litatoka.

Ngoja nikatazame maharage.

Nimerudi. Yanachemka.

Siku uliyokuja nilikuwepo. Hujawahi kuniuliza kuhusu siku ile nami sijawahi kukwambia. Ule ulikuwa mwaka ambao boti zilikuwa zinakuja kutoka ng'ambo ya ziwa, kwenu kwenye vita, zimejaa watu, magodoro, masufuria na mbuzi, na sisi huku Ujiji tulikuwa tunasimama ufukweni kuwatazama watu wakishuka bila kujua tuwaambie nini. Baba yako alikuwa mtu wa Bibi wa biashara tangu zamani, alikuwa akimletea mawese kutoka kwenu. Alituma ujumbe kwamba yuko Kigoma, kwenye banda la kupokelea wageni, na kwamba ana mtoto. Tukaenda asubuhi.

Ulikuwa umekaa juu ya furushi, umeshika kikombe cha plastiki kwa mikono yote miwili. Ndani kulikuwa na uji wa msaada, ule wa rangi ya manjano wenye harufu ya soya. Baba yako aliongea na Bibi pembeni. Akachuchumaa mbele yako, akakufunga kifungo cha juu cha gauni ambacho kilikuwa kimeshafungwa, akasema, "Kunywa uji wako, nakuja." Ukanywa. Ulipoinua uso kutoka kwenye kikombe hakuwepo. Kulikuwa na boti inayorudi, naye alikwenda kumtafuta mama yako.

Hukulia. Uligeuza kikombe, ukatazama chini yake kama vile amejificha hapo, ukampa Bibi. Bibi alikushika mkono, akanionyesha mimi, akasema, "Huyu ni mama yako mdogo." Nilikuwa na sare ya shule na chunusi usoni. Uliniangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani, na nadhani hukuridhika.

Mchana ulikula. Jioni ulikula, tena sana, ukaomba "bukari" na "sombe", na Bibi akafurahi kugundua kwamba ni ugali na kisamvu. Lakini asubuhi, hapana. Kila asubuhi ulikaa mbele ya chai na muhogo ukitazama mlango. Ukiambiwa kula unasema, "Sina njaa." Saa nne tumbo lako linanguruma mpaka majirani wanasikia, ukienda kucheza unachoka haraka, unakaa kivulini peke yako. Shule ulipoanza, mwalimu wako aliniita akasema unasinzia darasani.

Hapo ndipo nilipoanza makosa yangu.

Kosa la kwanza ni la uji. Wakati huo soko la Mwandiga lilikuwa limejaa unga wa msaada. Watu wa kambi ya wakimbizi walikuwa wanauuza ili wapate chumvi na sabuni, na wenyeji wananunua kwa sababu bei yake ni ndogo na unga wenyewe mzuri. Mimi nilikuwa nasoma sayansikimu, nikajua kwamba ndani ya unga ule kuna mahindi, kuna soya, kuna mafuta na vitamini, yaani mlo kamili umekaa ndani ya kikombe kimoja. Nilirudi na mfuko wangu nikitembea kama mtu aliyeokota dhahabu. Niliamka mapema, nikaukoroga usiwe na madonge, nikautia sukari na maziwa ya Bibi bila ruhusa, nikakuletea.

Uliunusa tu. Ukatoka mbio mpaka nyuma ya choo, na hukutoka huko mpaka adhuhuri.

Nilikaa na kile kikombe nikiwa nimeudhika. Fikiri, Sifa, niliudhika! Nilisema moyoni, mtoto huyu anadeka, wenzake kambini wanapanga foleni kwa ajili ya hiki. Nilikuwepo siku ile bandani. Nilikiona kikombe, niliusikia uji ukinuka, na bado nilikwenda mpaka Mwandiga nikakununulia harufu ileile, nikakuletea asubuhi vilevile. Bibi ndiye aliyeniambia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata kichwa. "Zaituni, ungekuwa wewe ungeunywa?" Basi. Unga ule tukawapa kuku.

Kosa la pili, niligeuka mwalimu. Nilikaa mbele yako kila asubuhi na kukuhubiria habari ya vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Nilikuchorea. Yai moja nililipamba kwa macho na mdomo. Nilikuahidi utepe wa nywele. Siku moja Bibi alisimama mlangoni, akasikiliza, akasema, "Unamlisha mtoto au unamfanyia mtihani?"

"Nataka ale, Bibi."

"Naye Mama Asha ameniuliza jana, huyo Zaituni anayemfundisha mwenzake kula, mbona yeye mwenyewe mwembamba kama utambi wa taa?"

Ulicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukusikia ukicheka asubuhi. Lakini hukula.

Mama Asha alisema kweli. Mimi nilikuwa sili asubuhi. Nilikuwa naona tabu kula mbele za watu, tangu nikiwa mdogo. Nikitafuna naona kila mtu anasikia. Shuleni kulikuwa na uji wa saa nne, nami nilikuwa nampa rafiki yangu kikombe changu ili nisisimame kwenye foleni na wavulana. Asubuhi nilikuwa navaa, nafunga kitabu, naweka sahani mbele yako, halafu natoka nikikimbia. Siku moja nikaanguka mstarini, mbele ya shule nzima, wakati bendera inapandishwa. Nilipofumbua macho niliona viatu vingi sana vimenizunguka, na sauti ya kijana mmoja ikisema, "Kumbe Zaituni ana uzito kama wa kuku." Mimi niliyekuwa naogopa watu wasinione nikila, nikaonwa na watu wote nikiwa chini na kiatu kimoja kimenitoka. Nilirudi nyumbani nikakuta sahani yako uliyoiacha, na mimi ndiye niliyekuwa nakupa masomo.

Bibi ananiita. Nakuja.

Alitaka nimsaidie kumenya mihogo. Ameuliza kwa nini nimejifungia. Nikasema naandika. Akasema, "Andika, lakini mdomo nao unao." Anajua. Sijui anajuaje, lakini anajua.

Nikwambie sasa ilivyokuwa mpaka ukaanza kula, kwa sababu huenda wewe umeshasahau.

Ilikuwa Ramadhani. Bibi alisema wewe si wa dini yetu na ni mtoto, uachwe ulale. Lakini siku ile ya kwanza ya daku, kabla hata ya adhana, nilikuona umesimama kwenye pazia unafikicha macho. Kulikuwa na wali uliobaki, maharage ya nazi na chai. Bibi akakusogezea mkeka. Hukukaa. Uliuliza, "Mukimaliza kula munaenda wapi?"

Bibi alisema, "Kulala! Twende wapi saa hizi, kwa wachawi?"

Ukatafakari. Ukauliza tena, "Na mama mudogo?"

"Na yeye kulala. Tena anakoroma."

Ukakaa. Ukala wali, ukala maharage, ukanywa chai, ukapangusa sahani kwa kidole. Mimi na Bibi tuliogopa hata kutazamana. Ukala daku mwezi mzima, wewe uliyekuwa huna haja ya kufunga, na mchana ukala tena kama kawaida, Bibi akasema Ramadhani yako ni nzuri kuliko ya watu wote wa mtaa wetu wa Kasingirima.

Idd ikapita. Asubuhi ya kwanza baada ya sikukuu nikakuwekea sahani yako, nikachukua mkoba wangu, nikasema, "Kula, nakuja." Nikafika mlangoni. Nikageuka. Kijiko kilikuwa mkononi mwako, na ulikuwa unanitazama kwa macho yaleyale ya bandani.

Kula, nakuja. Nilikuwa nakuambia hivyo kila siku, Sifa. Kila siku ya Mungu nilikuwa nakuwekea chakula mbele yako, halafu natoka mlangoni nikisema maneno ya baba yako. Nilikuwa nadhani tatizo liko kwenye sahani. Nilibadilisha uji, nikabadilisha yai, nikabadilisha kikombe, kumbe ulikuwa unaogopa kwamba ukiinamia chakula, mtu anapotea.

Nikaweka mkoba chini. Nikavua viatu. Nikakaa upande wa pili wa sahani, nikachukua kipande cha muhogo, na ingawa uso ulikuwa unaniwaka nikakitafuna mbele yako. Nikasema, "Sitoki mpaka sahani iishe. Na wewe hutoki."

Ukasema, "Na Bibi?"

Bibi akasema kutoka uani, "Na mimi nakuja, mniachie."

Siku hiyo nilichelewa shule nikapewa adhabu ya kumwagilia bustani. Kesho yake tuliamka mapema zaidi. Tangu hapo mpaka nimemaliza kidato cha nne hatukuvunja mkataba. Sikuanguka tena mstarini. Siku ya mtihani wa mwisho, wanafunzi wengine walipokuwa wanatapika kwa woga nyuma ya darasa, mimi nilikuwa nimeshiba muhogo, dagaa na papai, na nilikuwa natetemeka vilevile, lakini nikiwa na nguvu za kutetemeka. Watu husema mimi nilikulea. Huo ni upande mmoja wa habari.

Jua linazama. Baba yako ameingia, nasikia anamsalimia Bibi. Nitakupa chakula cha jioni kwanza. Halafu sijui.

* * *

Nimesema.

Ulikuwa umelala kwenye mkeka, kichwa juu ya paja la Bibi. Baba yako alikuwa anajaribu tochi yake, anawasha na kuzima. Nilisimama na beseni la kunawia mikono, ingawa kila mtu alikuwa amekwisha kunawa.

"Baba Sifa," nikasema.

"Ee."

"Kesho Sifa atakula kwanza. Ndipo mwondoke."

Akanitazama. Halafu akacheka, si kwa ubaya. "Bibi! Kumbe huyu musichana iko na sauti! Miaka yote nilileta mawese hapa, nilijua Mungu alimunyima."

"Anayo," Bibi akasema. "Anaitunza tu."

"Mama mudogo, boti haingoji mutu. Na mawimbi ya kesho si ya kucheza. Atatapika."

"Akitapika, nimemfungia kitambaa na maji. Tutaamka mapema zaidi. Nitapika mimi."

"Lakini kwa nini? Siku moja tu."

Hapo ndipo nilipotaka kukimbia. Nikasema nikitazama maji, "Siku ile bandani ulimwambia anywe uji, unakuja. Alipoinua uso hukuwepo. Amekaa hapa muda mrefu hawezi kula asubuhi, anatazama mlango. Sasa anakula. Kesho ni asubuhi tena, na watu wanaondoka tena. Akiondoka bila kula, naogopa atakaa hivyo maisha yake."

Bibi aliacha kukupepea. Baba yako aliwasha tochi, akaizima, akaiweka chini.

"Mimi nilichagua wakati ule," akasema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Niliwaza, mutoto akiwa na kitu mudomoni hawezi kulia. Nilitaka asilie."

"Hakulia," nikasema.

"Sikugeuka kutazama. Ningegeuka singepanda boti."

Wewe ulijigeuza usingizini, ukampiga Bibi kwa mkono. Baba yako alikutazama kwa muda, kisha akaniuliza kama mtu anayeomba nafasi kwenye benchi lililojaa, "Hiyo sahani yenu, inatosha mutu wa tatu?"

Bibi akasema, "Na wa nne. Mimi mmenisahau?"

Usimkasirikie baba yako ukija kuyasoma haya. Yeye alikuwa na mke ng'ambo, mtoto huku, na boti moja. Mimi nilikuwa na unga wa lishe na kitabu cha sayansikimu, na nilikosea zaidi yake.

Sasa nataka kulala lakini najua sitalala, kwa hiyo nimalizie yaliyobaki, bila mpangilio.

Usifike kwa mama yako ukamwambia, "Kwa mama mudogo tulikula hivi, tulikula vile." Hajakuona siku nyingi. Mwache akupikie anavyojua, na ukiona ameweka chumvi nyingi au amesahau kwamba hupendi kitunguu, kula. Atajifunza upya. Na yeye huenda alikuwa anakula kila asubuhi akitazama mlango.

Ule mchezo wetu wa rangi, unaweza kumfundisha polepole. Muhogo mweupe, mawese mekundu, matembele ya kijani, dagaa za fedha unazoziita ndagala. Nilipoacha kukuhubiria habari ya makundi ya vyakula ukaanza mwenyewe kuuliza, "Leo rangi ngapi?" Ukiona sahani ina rangi moja tu siku moja, si neno. Ikiwa hivyo siku nyingi, tafuta papai, tafuta majani, hata ya kando ya nyumba. Na kiporo usikionee haya. Bukari ya jana iliyopashwa moto ikakutana na maharage ni chakula cha watu wazima wenye akili.

Dagaa unajua zinakwenda na mwezi. Giza likiwapo wavuvi wanatoka na taa zao, asubuhi mwalo umejaa. Mwezi ukiwa mkubwa boti zinakaa nchi kavu na asubuhi hakuna kitu. Wewe ulikuwa unakasirika, unauliza nani ameleta mwezi. Huko kwenu ni ziwa hilihili, na wavuvi wa huko nao hulala mwezi ukiwaka. Kwa hiyo siku utakayoamka ukakuta hakuna ndagala kwa sababu mwezi ulikuwa mkubwa, ujue na sisi huku tunakula maharage, Bibi analalamika tumbo lake linajaa gesi, na upande wako wa mkeka uko wazi.

Na ikitokea siku hamna kitu, maana vita haijaondoka na harufu yake yote, hata kama ni maji ya moto na kipande cha muhogo, kaeni mle pamoja. Mama yako akiwa na haraka ya kwenda shamba, mwambie, "Mama, kaa kidogo." Usione haya. Mimi sentensi fupi kama hiyo ilinishinda miaka yote, na leo jioni nilipoisema hakuna nyumba iliyoanguka.

Najaribu kufikiri nitafanya nini kesho mkishaondoka. Shule nimemaliza, majibu bado. Nitaosha sahani. Nitamlisha kuku mwenye kidole kimoja pungufu, kwa sababu Bibi amesema hataki kubishana na mtu ambaye hayupo. Halafu keshokutwa asubuhi itafika na nitalazimika kukaa mbele ya chai yangu. Wewe ulikuwa mlinzi wangu na hukujua. Naogopa nitarudia kuruka mlo, nitatoka mlangoni na tumbo tupu kama zamani. Sitaki kukudanganya kwamba siogopi.

Nitaiweka barua hii ndani ya mfuko wa mihogo. Nitaifunga kwanza kwa nailoni isilowe.

* * *

Ni asubuhi. Naandika haraka, baba yako anafunga furushi kwa kamba na wewe unavaa viatu.

Jana usiku niliandika kwamba naogopa. Nataka ujue yaliyotokea, hata kama ulikuwepo, kwa sababu mtu akiwa mtoto haoni kila alichofanya.

Tulikaa wanne. Muhogo, maharage, dagaa unazozipenda, papai. Bibi aliuliza rangi ngapi, ukahesabu, ukasema na chai pia ni rangi. Baba yako alikaa ameupa mlango mgongo, na alikula polepole kama mtu anayeogopa kufanya kelele. Ulikula vizuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kula. Nilishika kipande kimoja cha muhogo tangu mwanzo, nikawa nakigeuzageuza, na nje jirani aliyejitolea kuwapeleka Kibirizi akaanza kuita.

Baba yako akanyanyuka. Bibi akanyanyuka. Wewe ulikuwa umeshamaliza, mikono umeshanawa, mlango uko wazi, na safari ni yako.

Hukunyanyuka. Uliangalia muhogo wangu, ukaniangalia mimi, ukasogea karibu mpaka goti lako likagusa langu.

"Maliza, mama mudogo," ukasema. "Niko nakungoja."

Nikamaliza.